Mzinga Juu ya Banda la Mbuzi

Watu wa kanisani wakisikia tunaishi Muthangari hunitazama mara mbili, kama mtu aliyewaficha utajiri. Huwa nawaambia waje wakae nasi wiki moja tu. Nyuma ya ule ukuta wenye maua kuna ekari tatu za bibi mmoja mzee anayeishi ng'ambo kwa mwanawe, na sisi ndio tunaomlindia na kumlimia. Tuna ng'ombe mmoja, mbuzi, kuku, mahindi, sukuma wiki, na nyumba ya vyumba viwili iliyojengewa watumishi wa zamani. Pande zote maghorofa yanapanda. Ukisimama katikati ya mahindi utadhani uko Machakos, mpaka uinue macho uone mtu amekaa kwenye roshani ya ghorofa ya saba anakunywa chai na kukutazama ukipalilia.

Na ni mahali pa damu. Sijui ni nani aliyeanzisha habari ya kwamba shambani kuna utulivu. Kima hushuka kutoka kwenye miti ya bondeni, huiba mayai, na wakikosa mayai hurarua vifaranga watoto wakiona. Jogoo wetu wa kwanza alimrukia mwanangu wa kiume akampasua chini ya jicho. Jioni hiyo hiyo baba yake alimchinja jogoo yule, na mwanangu, plasta ikiwa usoni, ndiye aliyemshika mabawa. Alimla kwa hamu sana. Binti yangu alijua rangi ya utumbo wa mbuzi kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Siku moja, baba yake akichuna ngozi, alichuchumaa karibu na kichwa kilichokatwa akauliza kama mbuzi bado amekasirika.

Mimi mwenyewe si mpole. Nauza nguo za watoto Ngara, na pale ukiwa na sauti ndogo utarudi nyumbani na mzigo wako wote. Nimewahi kurusha sufuria ya ugali nje ya mlango, ugali ukiwa ndani. Mume wangu ni mtu wa kimya, na kimya chake hunichemsha damu kuliko matusi.

Lakini nilikuwa na sheria moja. Katika nyumba yangu mtoto hapigwi. Mimi nililelewa kwa mwiko, kwa kandambili, kwa waya wa redio, na kila nilipopigwa niliambiwa ni kwa sababu ya mapenzi. Nilikula yamini, kabla hata ya kuolewa, kwamba mkono wangu hautamgusa mtoto kwa ubaya. Mama mkwe alipotutembelea akaona kijana wangu ananijibu vibaya nami naongea naye tu, alishindwa kuvumilia.

"Mtoto hachapwi?" aliniuliza. "Si utafuga wanyama hapa."

"Wanyama tunao tayari, mwaitu," nikamjibu.

Hakunisemesha tena mpaka basi lake lilipoondoka. Mimi nililala nikiwa na furaha yangu.

Ule mzinga uliletwa na wezi. Nasema hivyo kwa sababu tuliibiwa mbuzi mara mbili, wakipitishwa upande wa mtoni, na mume wangu akachoka. Alienda kwao Ukambani akarudi na mzinga wa gogo la mti lililochongwa ndani likawa tupu, ambao babu yake aliutumia, umefungwa juu ya basi katikati ya magunia ya ndengu. Aliuning'iniza kwenye mti wa mgrevilea, juu kabisa ya banda la mbuzi. Haukupita muda mrefu nyuki wakaingia wenyewe. Watu wa kwao wanajua nyuki kama mimi ninavyojua bei ya soksi. Alisema sasa amepata askari asiyelala wala kuomba mshahara.

Nao walifanya kazi. Asubuhi moja tulikuta kiatu kimoja na koti zima upande wa mtoni, na mbuzi wote wapo. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Watoto aliwafundisha kama alivyofundishwa yeye. Nyuki wakikasirika, msikimbie ovyo, msipige kelele. Kimbieni jikoni, mchuchumae kwenye mafiga, palipo na moshi. Nyuki hamfuati mtu kwenye moshi. Akaufanya mchezo. Alikuwa akivuma kwa mdomo, zzz, akiwafukuza uani, nao wanakimbia wakicheka mpaka kwenye kibanda chetu cha mabati, ambamo moto wa kuni haukuzimika toka asubuhi hadi tunapolala. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa akifika anashika jiwe la mafiga lililo baridi upande wa nje na kutangaza kwamba amepona.

Kisha nyuki mmoja akamuuma sikioni. Mmoja tu, binti akichota maji kwa kikombe. Kabla sijamaliza kumpaka kitunguu uso ulikuwa umevimba macho yakazibwa, na kifua kinapiga filimbi. Tulimkimbiza kwenye kliniki moja karibu na Adams Arcade, akadungwa sindano ya paja. Daktari, mama wa makamo, alitushika mikono wote wawili.

"Mwili wa huyu mtoto haupatani na nyuki," alisema. "Wakimuuma tena wengi, anaweza kufa kabla hamjafika hapa. Mmenielewa?"

Nilielewa. Tukiwa bado barabarani nilimtolea mume wangu uvivu.

"Hiyo mzinga itoke leo."

"Nitaitoa nikishavuna, Mama. Saa hii wako na watoto ndani. Ukihamisha watakufa."

"Si wakufe."

Kwa majuma kadhaa nyumba ilikuwa moto. Nilimtajia mzinga akila, nilimtajia akioga, nilimtajia mbele ya mchungaji. Alichofanya ni kuzungushia mgrevilea waya na kuwakataza watoto kufika bandani. Mimi nilianza kumbeba binti mgongoni kama mtoto mchanga, mtu wa miaka minne, nikienda naye hata kuanika nguo.

Halafu siku moja akarudi na meko ya gesi ya mafiga mawili begani, na mtungi mpya umefungwa nyuma ya bodaboda. Miaka yote nilikuwa nalalamika macho yanatiririka kwa moshi. Yeye alisikia, kumbe. Aliondoa yale mawe matatu, akasakafia sakafu kwa saruji, akapaka mabati chokaa kwa ndani. Nilipowasha gesi mara ya kwanza, ule mwali wa buluu ulitoka bila hata harufu, nami nikalia kidogo. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Ilikuwa njia yake ya kuniomba amani, nami niliipokea, nikapunguza maneno juu ya mzinga. Asali ilikuwa karibu kuvunwa.

Tulikuwa watu wazima wawili wenye akili zetu. Tulipika juu ya ile gesi, tukaisifu, tukawaonyesha majirani, na hakuna kati yetu aliyesema neno moshi.

Ilikuwa Jumamosi, jua limewaka. Mume wangu alikuwa ameenda kununua chakula cha ng'ombe. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mjengo, na mafundi walitaka kukata tawi la mgrevilea wetu lililoingia kwao. Hawakutuuliza. Walipanda na msumeno wa injini wakauwasha. Mimi nilikuwa kwenye kamba ya nguo na shuka mkononi. Nilisikia mlio wa msumeno, halafu tawi likaanguka, halafu kishindo kizito ambacho hakikuwa cha tawi. Mzinga ulikuwa umetua juu ya bati la banda ukapasuka kama boga.

Fundi aliyekuwa juu ya ukuta alijitupa upande wake. "Mathee, nyuki! Ingiza watoto!"

Watoto walikuwa wanacheza chini ya mpera. Niliona kijana wangu akimshika dada yake mkono. Hakulia wala hakukimbia ovyo. Alifanya kama alivyofundishwa, akamvuta moja kwa moja mpaka jikoni, na nyuki wakiwafuata nyuma. Mbuzi walikuwa wamefungwa. Sauti waliyotoa sijawahi kuisikia kwa mnyama anayechinjwa, maana anayechinjwa hukatizwa.

Nilipofika jikoni nyuki walikuwa wamejaa ndani ya zile kuta nyeupe. Watoto wangu walikuwa wamechuchumaa kwenye saruji, pale pale mafiga yalipokuwa zamani. Kijana alikuwa amemkumbatia dada yake na kumfunika kichwa kwa tumbo lake.

"Mama, hakuna moshi," aliniambia. Alisema kama mtu anayeripoti kitu kilichopotea.

Nilitaka kuwatoa nje, lakini nje palikuwa peusi. Niliwasha gesi, nikavuta gunia kuukuu la magunzi nikalitupa juu ya mwali. Lilikataa, likafuka kidogo, kisha likashika. Nikaongeza kandambili, nikaongeza kitambaa cha meza. Moshi mweusi ukaanza kujaa. Lakini binti yangu alikuwa na nyuki kwenye nywele. Alikuwa na nywele nyingi, nilikuwa nimezifumua asubuhi hiyo nizisuke upya, na wote walikuwa wameingia humo wakinguruma.

Nikampiga.

Nilimpiga kwa viganja viwili, kichwani, shingoni, mashavuni, mgongoni. Nilipiga kwa nguvu zote za mwili wangu, kwa sababu nyuki hafi kwa kupapaswa. Alianguka nikamwinua kwa mkono mmoja nikaendelea kumpiga kwa mwingine. Kaka yake huniambia kwamba nilikuwa nikipiga kelele, maneno ambayo sitayaandika. Nilimvua sweta nikaichana. Nilimkamata kwa nywele nikamsukuma kichwa karibu na moshi, karibu mno, nywele za mbele zikaungua, nikamrudisha, nikampiga tena. Mimi mwenyewe niliumwa hadi midomo ikawa si yangu, na sikusikia kitu. Nilichosikia ni sauti yake ikisema, "Mama wacha. Mama sitarudia. Mama wacha."

Mume wangu alitukuta hapo. Alikuwa ameona wingu la nyuki akiwa barabarani. Aliingia amejifunga gunia kichwani, akamfunga binti kwa blanketi, akakimbia naye hadi kwenye pikipiki iliyomleta, wakaenda. Kijana alibaki na mimi kwenye moshi, amevimba uso mzima, akiniuliza kama alifanya vizuri. Nilimwambia alifanya vizuri. Nilimwambia hivyo mara nyingi mpaka tukafika nasi kliniki.

Daktari ni yule yule. Safari hii hakutushika mikono. Alimdunga, akamwekea hewa, akamdunga tena, na kifua cha binti yangu kilikuwa kinapanda kama cha kuku aliyeshikwa. Nilikaa sakafuni nikamwambia Mungu mambo ambayo mchungaji hangependa. Jioni pumzi ikatulia. Daktari alipekua nywele zake, akatoa nyuki waliosagika mmoja baada ya mwingine na kuwaweka kwenye bakuli, kisha akatazama alama za vidole vyangu kwenye mashavu.

"Hizi?"

"Ni mimi," nikasema.

"Hao wote wangemuuma, hatungekuwa tunaongea," alisema, akafunika bakuli.

Tuliporudi nyumbani mbuzi walikuwa wamekufa kwenye kamba zao, wamejaa kama magunia. Mume wangu alikusanya vipande vya mzinga wa babu yake, akavimwagia mafuta ya taa, na masega yote na asali yote, akavichoma. Alipiga lile gogo kwa shoka hata baada ya kuwaka, cheche zikamrukia miguuni. Alikuwa analia kwa sauti. Ni mara pekee nimemsikia akilia. Sikumnyamazisha, na sikumlaumu, na nilitamani sana kumlaumu.

Sasa binti yangu ana miaka sita. Nywele zimeota zote. Jikoni tuna gesi, na kando yake kuna mafiga matatu ambayo hayapikiwi kitu, ila moto wa magunzi unafuka humo kutwa nzima, na wageni wakiuliza mume wangu hutoka nje.

Juzi mama mkwe alikuja tena. Tulikuwa tumekaa uani, naye akimtania binti, akamwambia kwamba hajui adabu kwa sababu hajawahi kuonja fimbo.

"Nimeonja, Susu," binti akasema. "Nikiwa mdogo Mama alinipiga sana. Hata akanichoma nywele."

Mama mkwe alinitazama. Nilimwambia mwanangu kwamba siku hiyo nilikuwa naua nyuki, kwamba walikuwa kwenye nywele zake, kwamba wangemuua. Nimemweleza mara nyingi. Baba yake amemweleza, kaka yake amemweleza. Yeye husikiliza kwa heshima.

"Mimi sikuona nyuki," akasema. "Nilikuona wewe."

Kisha akaja akakaa chini katikati ya magoti yangu, maana ilikuwa Jumamosi, siku ya kusukwa. Nikainua mkono na kitana. Alikunja mabega na kufumba macho kabisa, kama anavyofanya kila Jumamosi, na mimi nikangoja mkono ukiwa juu mpaka alipoyafumbua, ndipo nikaanza kumchana.