Jina Langu Kati ya Mifupa

"Mtoto wa mama muuza mawese, afike Bulaya? Hata Kindu hatafika!" Ndivyo walivyosema watu wa Kasongo. Nilifika, kwa koti la mjomba na viatu vya jirani, nikarudi na diploma ya ualimu yenye muhuri wa Wabelgiji. Mtu mwenye diploma hana haja ya kubuni. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe.

Kule Ulaya niliingia makumbusho kuona mifupa ya wanyama wa kale, walioishi kabla ya binadamu. Niamini, mmoja wao, aliyesimamishwa kwa vyuma, angechungulia juu ya paa la msikiti wetu. Chini ya kila mnyama kulikuwa na kibao chenye jina lake.

Nikasikia nyuma yangu: "Weye mutu wa Kasongo, sivyo?"

Mzee mweusi, amevaa koti la mlinzi. Kiswahili cha kwetu, kwenye baridi ile! Nikamtajia masomo yangu yote.

"Miye wa Nyangwe," akasema. "Walinileta zamani na wenzangu, Wazungu watutazame kama wanyama. Baridi ikaniua."

Nilidhani ananitania.

"Hii mifupa yote iko na jina, mwanangu. Langu limepotea. Unikopeshe lako, mpaka siku utanizika kwetu."

Nikacheka. "Chukua, baba! Langu kubwa, linatutosha wawili."

Ndipo nikaona: pumzi yangu inatoka kama moshi kwa baridi ya ukumbi ule. Yake haitoki. Nilikimbia. Mlangoni mlinzi mzungu akaniambia hawajapata kuwa na mlinzi mweusi.

Niliporudi nyumbani Kasongo nikafungua sanduku. Juu ya diploma, alama za vidole za vumbi jeupe kama la mifupa. Herufi ya kwanza ya jina langu haipo. Kesho yake, ya pili. Siku moja mama yangu, aliyenizaa, akaniuliza mlangoni: "Unatafuta nani, baba?" Wewe ungefanya nini?

Ilipobaki herufi moja, nilikwenda Nyangwe. Kwetu, aliyefia mbali huzikwa kwa shina la mgomba lililovikwa sanda. Wazee wakachimba. Mkubwa wao akauliza: "Tumuite nani?"

Hakuna aliyemjua. Nikataja jina langu. Wakaliita mara tatu shimoni, wakafukia.

Nilipofika nyumbani, mama alinipokea kwa jina. Herufi zote zilikuwa zimerudi. Kesho yake nikamrudishia mjomba koti lake, na jirani viatu vyake. Sasa hakuna anidaiye. Lakini jina langu lina kaburi Nyangwe, nami bado sijaingia.

Jivunie upendavyo, msomaji. Ila mbele ya mifupa, jina lako lifunge mdomoni.