Nafasi ya Ovelia Penye Mialoni

Ovelia Authement alijaliwa sauti ya kufukuzia kuku, na kwa sauti hiyohiyo aliwarudisha nyumbani wavuvi wa Bayu Sorel, mkono wa maji unaoishia Ghuba ya Meksiko, kwa zaidi ya miaka thelathini. Redio ya upepo ilikaa kwenye meza yake ya jikoni, kati ya sufuria ya wali na chupa ya pilipili, na mlingoti wake ulisimama juu ya paa kupita hata mnara wa kanisa. Alipoolewa na Ulysse, bado msichana mbichi, zawadi ya kwanza aliyopewa haikuwa mkufu wala gauni. Ilikuwa redio hiyo, ili mumewe akiwa baharini anatafuta uduvi wapate kusemezana.

Huo ukawa mwanzo wa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri na hakuna aliyemstaafisha. Boti zote zikamzoea. Aliyesahau dawa ya presha alimwita Ovelia. Aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi alimwita Ovelia amchungulie mkewe, ajue kama kuna chakula akirudi au kuna kununiwa. Yeye na Ulysse hawakubahatika kupata watoto, na sisi wa bayu hatukumwachia nafasi ya kulifikiria sana hilo, maana kila mwenye boti alijifanya mtoto wake.

Lakini kilichompa heshima hasa ni vimbunga. Duka la vyakula la huku kwetu huwafungia wateja vitu kwenye mifuko ya karatasi iliyochapwa ramani ya Ghuba, kuanzia Florida mpaka Meksiko. Kila Juni ilipoingia na msimu wa vimbunga, Ovelia alipasua mfuko mmoja akaubandika ukutani. Alifuatilia taarifa za zile ndege zinazoingia ndani kabisa ya kimbunga kukipima, akatia nukta kwa penseli. Watu wote waliuliza habari za upepo. Yeye aliuliza mgandamizo wa hewa katikati ya jicho. Upepo ni kelele tu, alizoea kusema, ila mgandamizo ukianguka ndipo ujue mnyama anajikusanya. Uliposhuka taratibu, aliendelea kumenya viazi. Uliposhuka kwa pupa, alizima jiko.

Kimbunga kikija, boti zetu hazibaki kwenye gati za majumbani. Hupanda bayu kwenda juu, kupita lango kubwa la chuma linalozuia maji ya bahari, mpaka Kona ya Prevost, ambako mialoni, miti ya kale yenye matawi mapana, imesimama kingo zote mbili. Kila ukoo una miti yake, na boti hufungwa hapo kwa kamba nene, omo na tezi. Lango likishafungwa halifunguliwi mpaka kimbunga kipite, hata ulie machozi ya damu.

Boti ya Ulysse iliitwa Bibi Eula, ya mbao, aliyoijenga baba yake kwa mikono yake. Siku zote ndiyo iliyoingia mwisho. Redio za boti zikiwa kule Kona hazifiki baharini, ni ule mlingoti wa Ovelia tu uliosikika pande zote mbili, na Ovelia hakukubali kuondoka jikoni kama kuna boti hata moja iko nje. Ulysse naye hakukubali kumwacha. Kwa hiyo wazee wa zamani waliweka utaratibu: mialoni miwili iliyo bora kuliko yote, pale kwenye kona penyewe pasipofikiwa na upepo, ilifungiwa kamba yenye kitambaa cheupe, na hapakuwa na wa kupagusa. Ilikuwa nafasi ya Ovelia. Vimbunga vilikuja, vikapita, na nafasi ilikuwepo.

Mwishoni mwa Agosti kikazaliwa kimbunga Leora. Televisheni ilisema ni dhaifu, kiwango cha kwanza, na kwamba kingefika keshokutwa. Wanaume wakaona wana siku nzima mkononi, kwa sababu uduvi hukimbia mbele ya kimbunga na nyavu hujaa zenyewe. Boti zikatoka. Ulysse alibaki kwa kuwa alikuwa na jino linamsumbua.

Asubuhi ndege ya kwanza ilitoa mgandamizo wa kawaida, na Ovelia akaweka maharage jikoni. Ndege ikageuka, ikaingia tena jichoni, na mgandamizo ulikuwa umeshuka. Ikatoka, ikarudi, ukawa umeshuka zaidi. Leora kilikuwa kimefika juu ya maji ya moto yaliyo katikati ya Ghuba, na jicho lake lilikuwa linasinyaa na kujifunga, duara kamili. Ovelia alitazama nukta zake ukutani. Alizima maharage yakiwa mabichi, akashika redio.

“Nisikilizeni nyote,” alisema. “Hiki si cha keshokutwa. Hiki ni cha leo usiku. Kateni nyavu ikibidi, lakini rudini sasa hivi.”

Kijana mmoja akamjibu kwamba televisheni bado inasema kiwango cha kwanza.

“Televisheni haikujui, mwanangu. Mimi namjua mama yako na simu yake ninayo. Geuza boti.”

Wakacheka, na huku wanacheka wakageuza. Mchana televisheni nayo ikaamka, ikasema kiwango cha tatu, na mtangazaji alikuwa anahema. Kufikia hapo boti nyingi zilikuwa zinapita mbele ya nyumba ya Ovelia, kila moja inapiga honi kumshukuru, naye anapunga mkono dirishani bila kuinuka kitini.

Mmoja wa waliopita mapema alikuwa Clovis Lirette, kaka yake, wa tumbo moja. Clovis alikuwa amenunua boti mpya ya chuma, pana kama nyumba, akaipa jina Kapteni Clovis, mtu mzima na akili zake. Alipita mbio bila kupunguza mwendo, na mawimbi yake yakaipigiza Bibi Eula gatini. Ovelia hakumlaumu. Alijua ni wasiwasi, kwani Jarrod, mtoto wa pekee wa Clovis, alikuwa bado baharini. Wavu ulikuwa umejisokota kwenye panga boi ya boti yake na alikuwa anajikokota kwa nusu mwendo.

Mchana wote uliobaki, Ovelia alikuwa wa Jarrod. Mvua ilikuwa imeziba kila kitu, na vigingi vinavyoonyesha njia ya boti vilikuwa vimefunikwa na maji. Akamwongoza kwa kumbukumbu, mwambao ule anaujua kama mistari ya kiganja chake: acha kisiwa cha ndege mwari kushoto, hesabu nguzo za zamani za umeme, usiamini maji yanayometa. Kijana alikuwa analia na anaona aibu kulia, kwa hiyo Ovelia alimsimulia habari za maharage yake yaliyoharibika. Katikati ya hayo alimpigia simu msimamizi wa lango, akambembeleza asifunge, akamtisha, akambembeleza tena.

Ulysse aliingia jikoni, shavu limevimba, akasema bora yeye atangulie na Bibi Eula, na Ovelia aje baadaye kwa gari, maana barabara ilikuwa bado inapitika na yeye moyo wake haukutulia. Ovelia akaona ni busara aulize kwanza.

“Clovis, unanisikia? Nafasi yetu ipo?”

“Ipo, dada,” Clovis akasema. “Nafasi ipo, msiwe na haraka. Wewe niletee mtoto.”

Boti zote zilizokuwa Kona ya Prevost zilikuwa zimefungua redio. Wote walisikia lile swali, na wote walisikia lile jibu. Wale wote ambao Ovelia aliwaita watoto wake, aliowatoa baharini asubuhi ileile, walijikausha kama hawapo. Ulysse akarudi kumsubiri mkewe.

Jarrod alipita mbele ya nyumba jioni ikiingia. Alipaza sauti redioni, “Shangazi, Mungu akuweke,” na Ovelia akamwambia aache maneno mengi aende. Ndipo akazima redio, akafunga mlango, akaingia botini na mumewe. Lango liliteremka nyuma yao, na walipofika Kona upepo ulikuwa umeanza kung'oa matawi.

Boti ya chuma ya Clovis ilikuwa imejaa katika nafasi ya Ovelia, kamba zake zimezungushwa kwenye mialoni yote miwili. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekatwa, kinaelea majini. Na kwenye miti ya siku zote ya Clovis, Jarrod alikuwa anamalizia kujifunga. Ovelia alielewa yote kwa kutazama mara moja. Miti ya Clovis haikutosha boti ile pana pamoja na ya Jarrod, kwa hiyo baba alichukua nafasi ya dada ili mtoto apate ya baba.

Ulysse alisogeza Bibi Eula karibu, akamwomba shemeji yake awaruhusu wajifunge ubavuni mwake. Clovis alikuwa amesimama juu, anaangalia kofia iliyo mikononi mwake.

“Miti haitahimili mbili, shemeji,” alisema. “Unaona mwenyewe.”

Ovelia alizungusha macho kwenye boti zote, moja baada ya moja, akamtafuta mtu wa kusema neno. Aliwaona watu wakigundua ghafla kwamba kamba zao zinahitaji kukazwa. Jarrod peke yake ndiye aliyemtazama, mdomo wazi, maana yeye hakuwa anajua. Alianza kufungua kamba zake, na baba yake akamkemea aache upumbavu. Upepo tayari ulikuwa haumruhusu mtu kuhama.

Hawakuwa na pa kwenda ila nguzo kuukuu za kiwanda cha uduvi kilichokufa, mahali peupe kama kiganja. Ulysse alifunga kila kamba aliyokuwa nayo, kisha akataka kubaki na boti. Ovelia alimshika mkono wa koti na hakuuachia mpaka wakafika kwenye jumba la kanisa.

Kimbunga kilipopita, boti zote penye mialoni zilikuwa zinaelea. Bibi Eula walimkuta amelala ubavu juu ya barabara, amepasuka toka omo mpaka tezi. Boti ya mbao ya umri ule haina bima, na Ulysse hakuwa tena na umri wa kujenga nyingine. Alienda pale kila asubuhi, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele yake kama mtu aliye hospitali na mgonjwa wake. Watu waliomwona walipita njia nyingine. Tuseme tu kwamba huku kwetu haya ilikuja, ila ilikuja imechelewa.

Mwezi uliofuata Clovis alifika na sufuria ya mchuzi wa bamia. Ovelia alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyumba, chini ya paa lililofunikwa turubai. Mlingoti ulikuwa umepinda lakini haukuanguka. Clovis alizungumzia turubai, akazungumzia mbu, akamwulizia Ulysse. Ovelia alimsubiri. Alikuwa amemsubiri siku zote hizo, na alijichukia kwa jinsi moyo wake ulivyotaka amsamehe upesi, yaishe.

“Dada, nielewe,” Clovis alisema hatimaye. “Mtoto alikuwa huko nje. Ningekwambia nafasi imejaa, ungeiacha redio ukakimbilie boti yenu. Ningefanya nini?”

“Ungeniambia, ningemtanguliza Ulysse mapema akatafute pengine,” Ovelia alisema. “Mimi ningebaki palepale na mtoto wako mpaka aingie.”

Clovis aliitua sufuria kwenye ngazi.

“Ningebaki, Clovis. Lini uliwahi kuniona nikiondoka?”

Hilo lilimuuma kuliko boti, na sasa aliona pia limemwingia kaka yake. Walikuwa wamelala kitanda kimoja wakiwa wadogo, na miaka yote hiyo mtu huyu alikuwa anaisikia sauti yake redioni kila alfajiri, na bado alidhani ni ya mtu atakayekimbia. Angeweza kulia pale. Alijikaza akitazama sufuria.

Clovis alikohoa. Alisema kuna kimbunga kingine kinajitengeneza kusini mwa Kuba. Alisema watu kule gatini wanauliza kama Ovelia atafungua tena redio, iliyokuwa imezimwa tangu Leora.

Kumbe ndicho kilichomleta. Ovelia alinyanyuka.

“Mwambie Jarrod arudi leo, asingoje kesho,” alisema. “Mgandamizo unashuka tangu asubuhi.”

“Na wengine?”

“Wengine wakuulize wewe. Si ndiwe unayewaambia watu nafasi ipo?”

Akamrudishia sufuria yake ikiwa na mfuniko wake, akaingia ndani, akafunga mlango.