Siku Usipepese Alipochagua Kamera

Mtaa mzima walimwita Usipepese. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata mkewe akikasirika alisema, "Usipepese, hebu niache." Jina alilipata kazini. Miaka nenda miaka rudi alikuwa na studio ya picha za pasipoti, chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi cherehani, na kila aliyeketi kwenye kigoda chake aliambiwa neno hilohilo: usipepese. Nawe ulipepesa, bila shaka. Nani ataambiwa asipepese, asipepese? Basi anakutania kwamba una macho ya mwizi wa kuku, unacheka, na hapohapo anakubamba. Ndiyo maana watu wake walitoka kwenye vitambulisho wakiwa na sura za watu. Studio nyingine walitoka kama wanaotafutwa na polisi.

Sasa Usipepese alikuwa anapofuka, na hakuna aliyejua.

Halikuja giza. Lilianza doa dogo katikati ya jicho la kulia, akadhani ni uchafu wa lenzi, akawa anaifuta lenzi asubuhi na jioni, maskini wa Mungu. Kisha jicho la kushoto nalo likafuata. Daktari wa macho alimweleza kwamba ugonjwa uko nyuma kabisa ya jicho, miwani haifiki huko, na kilichokufa hakifufuki. Akimtazama mtu aliona masikio, kofia, mabega, na pale panapokaa uso pana wingu. Fikiria mpiga picha anayeona masikio tu. Dunia hii ina mizaha mibaya.

Akajifunza kujificha. Kigoda cha wateja alikigongomelea misumari sakafuni kisisogee, na miguu ya kamera akaizungushia alama za utepe. Kamera yenyewe ikishaushika uso hulia pii, basi akafanya kazi kwa kusikiliza. Njiani alipishana na marafiki wa ujanani bila kuwasalimia, nao wakasema kaota mapembe. Mkewe naye alimwambia, "Kiburi cha uzeeni hicho, kinakutoka wapi?" Akalikubali jina hilo. Afadhali mwenye kiburi.

Utauliza, ugonjwa kama huo mtu anauficha wa nini? Mficha maradhi kifo humuumbua, si tulifundishwa? Lakini Usipepese alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kitindamimba wake, binti aliyekulia juu ya kigoda kile. Binti alikuwa amepata nafasi ya kujifunza upigaji picha mji wa mbali, kwa mpiga picha wa michezo, mtu wa kuzunguka viwanja na barabara. Kuondoka ni Jumamosi. Nafasi ya kwanza ya namna hiyo ilishampita, kwa sababu mama yake alianguka akavunjika nyonga, na yeye akasema ngoja kwanza mama apone. Mama alipopona, nafasi ilikuwa ya mtu mwingine. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomtafuna baba. Alikuwa mtoto wa aina hiyo: ukikohoa wewe, yeye ndiye anayekosa usingizi. Akijua kwamba baba haoni, hatapanda basi. Kwa hiyo Usipepese alijiapia kwamba safari hii ataondoka, azoee, apate marafiki, halafu ndipo aambiwe.

Kilichobaki ni kamera tu.

"Utanichagulia wewe," binti alimwambia. "Sinunui kitu ambacho jicho lako halijapita."

Akavaa shati la kutokea, wakaenda.

Duka lilikuwa na kaunta ya kioo na harufu ya plastiki mpya. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mwenye tumbo, na maneno mengi kuliko bidhaa. Aliwawekea kamera mbili mezani, zote za wanaoanza, zote na lenzi ya kuchomoa na kile kioo cha ndani kinachoruka ukibonyeza. Kisha akaanza. Hii nyepesi ina skrini ya kugeuka, na ina maelezo ndani yake ya kumfundisha anayeanza kila kitufe ni cha nini. Ile nzito betri yake inakesha, mshikio wake umejaa mkononi, ila skrini yake haigeuki. Pikseli za hii ni hivi, pikseli za ile ni vile.

"Pikseli waachie wauzaji," Usipepese alimwambia binti. "Zote zinakutosha na kubaki. Kwanza angalia mkono wako. Shika hii nyepesi. Kidole kinafika kwenye kitufe bila kukitafuta?"

"Kinafika."

"Na ile?"

"Inabidi nijinyooshe kidogo."

"Basi mpira utakuwa umeshaingia golini wewe bado unajinyoosha. Jambo la pili, lenzi. Mwili wa kamera utabadilisha, lenzi utazeeka nayo. Mzee, hizi zinatumia lenzi za zamani?"

"Nzito inazikubali zote," muuzaji alisema. "Nyepesi, baadhi utazungusha fokasi kwa mkono."

"Hilo ataliweza. Nimemfundisha mimi."

Binti akacheka. Usipepese alizipima kamera viganjani, akazibonyeza moja moja karibu na sikio. Nyepesi ilinong'ona, nzito ilipiga kofi. Binti alisema atatembea nayo kutwa nzima, anataka isiyomkata shingo, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kiwanja cha kwanza watakachoenda kina majukwaa pande zote nne, ameshakiona kwenye picha. Baba alifurahi. Kwa kitambo kile alisahau kabisa kwamba ni mgonjwa.

"Basi nyepesi," alisema.

"Lakini baba, hujachungulia."

Kweli, hakuwa amechungulia. Akaiinua kamera jichoni, akamlenga muuzaji. Kwenye kidirisha cha kuchungulia aliona kingo za rafu, aliona masikio mawili makubwa, na katikati wingu. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye kigurudumu kidogo kilicho kando ya kidirisha, kile cha kurekebishia macho dhaifu. Alijua hakitamsaidia. Daktari alishamwambia. Lakini mkono wa mtu hauambiwi na daktari ukasikia, ukazungusha mpaka mwisho wa upande huu, ukazungusha mpaka mwisho wa upande ule. Wingu halikutoka.

"Safi kabisa," alisema, akampa binti kamera.

Kosa lake lilikuwa dogo, na ni la watu wa kazi hii peke yao. Hakukirudisha kigurudumu katikati. Na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti, angali mtoto wa kusimamishwa kwenye kigoda ili afikie kamera: ukichungulia ukakuta ukungu, usilaumu lenzi, kague kigurudumu kwanza. Ukikikuta kimefika mwisho, ujue aliyekutangulia macho yamemwisha. Walikuwa wakicheka kwa hilo, baba na mwana, na kuwataja wapiga picha wazee wa mtaani.

Binti aliiweka kamera jichoni. Hakuishusha.

Kisha Usipepese akasikia, tik. Kimya. Tik. Tik. Tik. Kigurudumu kilikuwa kinarudi kutoka mwisho kabisa, polepole, jino kwa jino, na kila mlio alijua ni wa nini. Alitaka kusema neno, mzaha wowote, kwamba hawa wateja waliotangulia wanachezea vitu vya watu. Muuzaji akamwahi.

"Vipi dada, inaonekana?" muuzaji aliuliza.

"Inaonekana."

Kamera iligusa kioo cha kaunta, taratibu. Usipepese alimgeukia mwanawe. Aliona hereni, aliona pindo la kitambaa cha kichwa na bega. Alijaribu kutazama pembeni, ujanja aliouzoea, ili uso uje kwenye kingo za jicho, nao ukaja kama uso wowote ule. Hakujua kama alikuwa analia.

"Basi mfungie hiyo," alimwambia muuzaji harakaharaka. "Nyepesi. Atatembea nayo."

Binti aligeukia kaunta. Alimuuliza muuzaji, "Ile nzito ina waya wa kuchomeka ukutani, isitumie betri?"

"Upo, naagiza. Ila huo ni wa studio, dada. Si mlisema ya viwanjani?"

"Inafaa kwa picha za pasipoti?"

Muuzaji akacheka. "Pasipoti hata mbovu inafaa. Mtu amekaa, kamera imekaa, kuna nini hapo?"

"Basi nipe hiyo."

Iliuma. Iliuma kuliko chumba cha daktari, kwa sababu kule alipoteza cha kwake. Usipepese alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, si tulikubaliana nyepesi?"

"Tulikubaliana, baba."

"Na majukwaa ya pande zote nne?"

"Yapo tu. Hayaendi popote."

Kwa sauti ileile alikuwa amesema ngoja kwanza mama apone. Muuzaji, ambaye hakuelewa lolote, alisifu uamuzi huo, akasema nzito ndiyo chaguo la watu wazima, akaifungasha kwenye boksi lake huku akihubiri habari za dhamana. Binti alilipa. Hakuuliza neno jingine la kamera, yeye aliyeuliza maswali asubuhi nzima.

Walipogeuka kutoka, hakumshika baba yake mkono kama walivyoingia, mkono kwa mkono, baba na binti wanaokwenda dukani. Alipita mbele, akauchukua mkono wa baba, akauweka juu ya bega lake mwenyewe, akatembea polepole. Mlangoni akasimama.

"Kuna ngazi hapa, baba," alisema.

Ngazi hizohizo walizipanda wakati wa kuingia, na hakumwambia.