Dua ya Safari ya Katmandu

Mjomba wangu hakuwahi kufika Katmandu, na hilo halikumzuia kuijua vizuri. Alikuwa askari wa Mwingereza katika vita vya Burma, akaumia mguu, akalazwa Kalkuta karibu na askari wa Kigurka, mtu wa milimani aliyezaliwa jirani na Katmandu. Alirudi nyumbani na mji mzima kichwani: uko bondeni, milima yenye theluji imeuzunguka, wafalme wa zamani wamejenga majumba ya mbao za kuchonga, mahekalu yamebanana kama vibanda vya sokoni. Mguu haukupona sawasawa, lakini mji ulifika salama.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi kijijini kwetu, upande wa Masanze, kijiji cha ujamaa ambacho nyumba zake zilinyooka kwa mstari kuliko mambo yetu. Asubuhi tulilima shamba la pamoja. Alasiri mimi na mjomba tulipanga safari. Treni kutoka Kimamba hadi Dar es Salaam, meli hadi Bombei, kisha treni tena mpaka reli iishe, baada ya hapo miguu. Melini ningefanya kazi. Mjomba alisema mabaharia hawakosi masufuria machafu. Tangu hapo nimetembea sana, na hakuna safari niliyoipanga kwa makini kama ile. Mjomba alinipa hata koti lake la jeshi, akaniamuru nilivae kila siku ili niizoee baridi. Nikapalilia pamba nikiwa ndani yake, katika joto la Kilosa. Nilichozoea ni jasho.

Mama aliipinga safari mpaka akachoka kuipinga. Alipochoka akachinja mbuzi. Kwetu mtu haendi mbali bila dua, na dua ikishasomwa na wali ukaliwa, mtu huyo huhesabiwa yuko njiani. Kosa letu lilikuwa kuisoma kabla pasipoti haijatoka. Lakini mbuzi alikuwa amenona, na maalimu alikuwa na nafasi Ijumaa ile. Balozi wetu wa nyumba kumi alikula vizuri, akasimama, akasema kwamba wote wamenitoa kwa moyo mmoja. Wanawake walilia. Mama alilia kuliko wote, kwa fahari.

Jumatatu nikaenda ofisi ya pasipoti Morogoro. Karani akanitazama, mimi na koti.

"Unakwenda kufanya nini huko, ndugu?"

"Kuutazama mji."

"Kuutazama tu?"

"Ni mji mkuu wa tangu zamani. Uko bondeni, katikati ya milima."

"Na safari hii ina manufaa gani kwa taifa?"

Taifa sikuwa nimelifikiria.

"Makao makuu yetu yanahamia Dodoma," akasema, tena kwa upole. "Kutoka kwenu ni treni moja tu. Kaanze kutazama hapo."

Nikarudi kijijini bila pasipoti. Kesho yake nilipofika shambani na jembe, mistari yangu ya pamba ilikuwa na mtu mwingine, na msimamizi hakulisoma jina langu.

"Karibu mgeni," mmoja akasema. "Kumbe Katmandu ni jirani na Kimamba?"

Kisimani wanawake walimuuliza mama kama mbuzi wake alikuwa wa kwenda na kurudi. Akaacha kuteka maji pamoja na wenzake. Akawa anasubiri waondoke ndipo aende. Hilo ndilo lililoniuma.

"Hapa huwezi kukaa, mwanangu," akaniambia. "Utanifanya mwongo mbele ya Mungu na mbele ya balozi." Akafikiri kidogo. "Hasa balozi."

Nikapanda lori la mbao hadi Mikumi, pale barabara yetu inapokutana na barabara kuu ya Zambia, nikapata kazi jikoni katika hoteli ya madereva. Mjomba, ambaye alijua nilipo, hakuona tofauti kubwa: nilikuwa safarini, naosha masufuria, na milima inaonekana. Kijijini mama alieleza kwamba nimefika salama, ila baridi ni kali, na akaanza tena kwenda kisimani na wenzake. Kila alipoingia mtu wa kwetu kula, mimi nilikuwa nyuma ya jiko.

Masika yalipokwisha akaingia balozi mwenyewe, akitoka mkutanoni. Siku hiyo mhudumu alikuwa anaumwa, nami nilikuwa nimeshabeba sahani hadi mezani kabla sijamwona uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akanitazama. Akaivuta sahani, akaanza kula taratibu. Nikasimama na birika la kunawia, nikingoja. Neno lake moja kijijini lingetosha kumfungia mama ndani.

"Huko Katmandu," akasema mwishowe, "watu wanakula vizuri?"

"Vizuri, mzee."

"Na baridi?"

"Tunaivumilia."

Akatafuna, akameza.

"Nitamwambia mama yako nimekutana na mtu aliyetoka huko. Kasema hujambo, umenenepa kidogo." Akanisogezea sahani. "Sasa niongezee mchuzi wa huko."