Zipora na Mbegu za Ruzuku

Kwa miaka mingi, mtu wa kitongoji chetu pale Mlali akikosa mbegu alikuwa haumizi kichwa. Alikwenda kwa shemeji yangu Zipora, mjane wa marehemu kaka yangu, akaomba, akapewa.

Kazi hiyo hakuna aliyemwajiri. Aliirithi kwa mama mkwe wake, ambaye ndiye mama yangu mimi. Kabla ya mavuno Zipora hupita shambani peke yake akiukagua mtama suke kwa suke, na kila suke linalomridhisha hulifunga kipande cha kanga kuukuu. Lililofungwa haliguswi, hata njaa ibishe hodi mlangoni. Baadaye masuke hayo hutundikwa juu ya mafiga, yapigwe moshi mpaka wadudu wakate tamaa. Mawingu yakianza kujikusanya, watu huja. Watasema mbukwa, salamu ya kwetu, watakaa, watazungumza habari za mbuzi na za wagonjwa, ndipo watoe shida iliyowaleta. Zipora huwapimia kwa bakuli. Kwetu mbegu hainunuliwi wala hainyimwi, na anayeitunza haitembezi, bali huombwa. Mama asiye na ng'ombe wala mume, na bado watu wanamjia kuomba! Hicho ndicho kilikuwa cheo chake, na sijaona alichokipenda kuliko hicho.

Basi serikali ikatuletea mbegu za alizeti za ruzuku, mbegu chotara, sisi tulipe kidogo na serikali ilipe iliyobaki. Sibezi. Zilikuwa mbegu nzuri, na zilitukuta tumechoka. Bibi shamba wetu, Josephine, binti mwenye vijiji vingi na pikipiki moja, alitukusanya ofisini akasema waziwazi kwamba mbegu hizi ni za msimu mmoja. Tusirudishe shambani tutakachovuna. Mwakani tujiandikishe tena tupate nyingine.

Alisema, na mimi nilisikia. Lakini ni muuzaji gani asiyekuambia urudi tena kesho? Zipora alininong'oneza, kwa sauti ya kusikika na benchi zima, "Shemeji, mbegu isiyozaa mbegu, hiyo ni mbegu au ni pipi?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Mwaka ule alizeti ilikubali. Vichwa vilijaa mpaka shingo zikapinda. Zipora aliuza, akaezeka bati upande mmoja wa nyumba. Na kabla ya kuvuna alifanya ambacho mtu yeyote wa huku angefanya: akapita shambani, akachagua vichwa bora kuliko vyote, akavifunga kanga. Mtu apate zao zuri namna ile alimalize lote bila kubakiza mbegu? Huo kwetu ni wazimu.

Msimu uliofuata wachache sana walikwenda kujiandikisha. Josephine akaulizia, akaelekezwa kwa Zipora. Nilikuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, utulie."

"Mama, naambiwa watu hawaji ofisini kwa sababu mbegu unayo wewe."

"Ninayo. Ni ileile yenu, ila mimi nimeichagua."

"Ile haichaguliki, mama. Ile imetokana na wazazi wawili tofauti, wamekutanishwa makusudi. Ukiipanda mara ya pili, watoto wanatawanyika, kila mmoja anafuata ukoo wake."

Zipora alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe na mbegu nazo zina wakwe!"

Josephine naye alicheka, maskini, kwa uchovu tu. Simu yake ikaita, wakamtaka kijiji kingine. Aliondoka akiahidi kurudi kutueleza vizuri zaidi. Mvua ikamtangulia.

Zipora aligawa alizeti kitongoji kizima, nami nilipewa bakuli langu. Ikaota vizuri tu, na hapo ndipo tulipodanganyika. Baadaye moja ikakimbilia juu kama inatafuta kitu, jirani yake ikaishia magotini. Hii inachanua, ile imeshakauka. Vichwa vikawa vidogo kama visahani vya chai, na ukizibonyeza punje kwa vidole, nyingi zilikuwa maganda matupu. Kwenye mashine ya kukamulia, yule kijana alipepeta kidogo, nusu ya mavuno yangu ikaondoka na upepo. Alinitazama tu kwa huruma, na nilitamani anitukane.

Suleiman, ambaye tulimtania kwa kwenda kujiandikisha peke yake kama mgeni, alivuna magunia ya haja. Lakini bei ilikuwa imeporomoka, na nauli ya kupeleka sokoni Kibaigwa ikala kilichobaki. Kwa hiyo tulichoka wote, aliyepata na aliyekosa. Kilimo cha huku ndivyo kilivyo, ukikwepa shimo hili unaangukia la mbele.

Hakuna aliyemgombeza Zipora. Afadhali wangemgombeza, angejibu, mdomo anao. Waliacha tu kwenda kwake. Na hapa ndipo roho inaponiuma mpaka leo, kwa sababu mtama wake haukuwa na kosa lolote. Ule ulikuwa wetu wa tangu zamani, uliolijua jua la hapa. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Msimu uliofuata watu wote walijipanga kwa wakala wa pembejeo, wakachukua mbegu za ruzuku, za alizeti na hata za mtama. Siwezi kuwalaumu.

Mawingu yalipokuja Zipora alifagia ua, akaweka vigoda, akakaa. Siku zikapita. Kila aliyepita njiani alisalimia kwa heshima na kuendelea na safari yake.

Asubuhi moja nikamwona ametoka na kapu kichwani. Alikuwa anatembeza mbegu, yeye, Zipora! Alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Nimeona nisiwasumbue kuja." Niliona aibu kama vile ni mimi niliyevuliwa nguo. Watu walipokea. Penina, jirani yangu, alipiga magoti akapokea kwa mikono miwili. "Asante sana mama, Mungu akuzidishie."

Kesho yake tulikuwa tunakwenda shambani, mimi na Zipora, tukapita kwa Penina. Kuku walikuwa wanadonoa uani. Mtama ule mwekundu tunaujua, hakuna mwingine unaofanana nao. Zipora alisimama. Penina akatoka na ufagio, akatuona, akabaki ameushika tu.

"Kuku wako watanenepa, mwanangu," Zipora akamwambia kwa upole, kisha akaendelea na njia.

Jioni yake aliniita kula. Ugali ulikuwa mwekundu, unanukia moshi. Nilijua kabla sijanawa. Kwetu watu hula mbegu mwaka wa kuzikana, si mwaka mwingine.

"Shemeji, hii si ya kupanda?"

"Apande nani?" alisema. "Mimi nilishapanda yangu. Kula."

Alisaga yote. Tuliila mpaka ikaisha, na sitasema uongo, ulikuwa ugali mtamu.

Mvua zikaja, mashamba yakaota, kisha jua likashika kama linavyopenda kushika Januari. Mbegu za ruzuku zikakauka, na mtama niliopanda mimi ukakauka, na wa Zipora vilevile. Jua halibagui. Mvua iliporudi, wakala alikuwa amefunga duka, mbegu zimekwisha, na kila mtu alikuwa ameshachukua mgao wake.

Nilikuwa uani kwa Zipora nikikaza mpini wa jembe Penina alipoingia. Alisema mbukwa, akaketi. Akauliza habari za mbuzi. Akauliza habari za mgonjwa wa kwa mchungaji. Zipora alijibu kimoja kimoja, na niliona mgongo wake ukinyooka, uso ukimrudia ule wa zamani. Alijua kinachokuja. Alikuwa amekingojea tangu mawingu ya kwanza.

"Mama," Penina akasema akiangalia chini, "nimekuja kuomba mbegu."

Huko njiani tuliwaona wanawake wengine wawili wakija, bakuli wamezificha chini ya kanga.

"Tumeila, mwanangu," Zipora alisema, akainuka kwenda kuwatafutia wale wageni vigoda.