Gauni Mbili kwenye Kaseti ya Mama Mapasa

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef wa Service, mkuu wa idara yetu, alinipokea mlangoni mwa chumba cha picha, kwenye mgodi wa Musonoi, akanipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya video iliyovuliwa kifuniko. Kazi yetu ilikuwa kuwaonyesha wachimbaji filamu za usalama kabla hawajateremka shimoni. Nilitoka shule ya ufundi nikijua redio tu.

"Ngoie, unaona ile kichwa yenye kuzunguka?" akaniuliza. "Njo inasoma bande. Usiiguse na mukono."

Bande ni ule utepe mweusi ulio ndani ya kaseti. Nilitazama, nikaitikia, sikuelewa kitu. Nilidhani baada ya miezi michache mambo yatanyooka. Hayakunyooka. Nilipoizoea mashine moja, waliniletea nyingine yenye vifungo vilivyohamishwa.

Baadaye nilihamishiwa ukumbi wa mafunzo wa hospitali. Directeur wa pale aliamini kwamba picha ikipotea, dawa ni kuipiga mashine ubavuni. La ajabu, mara nyingine ilirudi. Ukumbi ulipofungwa, nikaajiriwa dukani kwa mzee tuliyemwita Tata Hamisi, hapa mtaani Manika. Ukoo wake ulikuwa wa wasafirishaji waliotoka Kasongo, na bidhaa zake zilitoka Dubai. Yeye ndiye aliyeleta kombine: mashine moja yenye mdomo wa kaseti upande huu na sahani ya diski upande ule, inayoweza kuhamisha picha kutoka kaseti kwenda diski.

"Mutu akinunua, Mama Ngoie, unaenda kumufungia kwake," aliniambia. "Sitaki anirudishie ati haifanye kazi."

Kufunga kwenyewe kulikuwa hivi: waya wa njano hubeba picha, mweupe na mwekundu hubeba sauti. Nyuma ya kombine kuna matundu ya kuingilia na ya kutokea, yanafanana kama mayai. Ukichomeka kwenye ya kuingilia, televisheni inabaki buluu, na wenye nyumba wote wanakutazama wewe.

Kazi iliyonichanganya kuliko zote niliifanya kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Mapasa, kwa sababu alizaa mapacha: Kyungu na Kabange. Kabange alifariki akiwa mdogo. Kyungu sasa ni mama mzima, mshonaji, na ndiye aliyenunua kombine. Walikuwa na kaseti moja tu, ambayo baba yao marehemu aliirekodi uani, watoto wakiwa wanakula. Picha nyingine ya Kabange haikuwepo duniani.

Kabla ya kuiingiza nilivunja kijino cha plastiki kilichoko mgongoni mwa kaseti, ili mashine isiweze kurekodi juu yake hata nikikosea kifungo. Nilijijua.

Picha ikatokea: wasichana wawili, sahani moja, gauni mbili. Zote za kijivu.

"Mama, mi niko wapi pale?" Kyungu akauliza.

"Wewe uko na robe ya rouge. Kabange njo alivaa ya vert." Mama akasogeza kiti karibu. "Lakini rouge iko wapi? Mama Ngoie, rangi ilienda wapi?"

Nikamwambia sijui. Nilibadilisha waya, nikazima, nikawasha. Nikaingia kwenye orodha ya mashine, iliyoandikwa kwa lugha nisiyoisoma, nikawa nabonyeza huku nakumbuka nilikopita. Hatimaye nikakuta mahali pa kuchagua mfumo wa rangi. Kaseti zetu za zamani zilirekodiwa kwa mfumo mmoja, na mashine ya Dubai ilikuwa imewekwa kwenye mwingine. Nikabadilisha. Gauni moja ikawa nyekundu, ndiyo rouge, nyingine kijani, ndiyo vert.

Kyungu akashika mdomo. "Basi mi ni huyu."

"Ni wewe," mama akasema. Kisha akainama karibu na televisheni. Mtoto wa gauni ya kijani alikuwa anachota ugali kwa mkono wa kushoto. "Ngoja. Mukono ya kushoto ilikuwa ya Kyungu. Nilikuwa nakuchapa juu ya ile mukono."

"Sasa mi ni wa vert?"

"Sijue, mwanangu. Labda siku ile nilibavalisha mbaya. Sijue tena."

Alianza kulia, na mimi nikawa nimesimama na telekomande ya mashine mkononi kama mtu aliyevunja kitu. Nilisema labda sauti itatusaidia. Hadi hapo kaseti ilikuwa inatoa mvumo tu. Sauti huandikwa kwenye bande mara mbili: mara moja ndani ya picha, mara nyingine kwenye mstari mwembamba pembeni. Ile ya kwanza ilikuwa imeharibika. Nikabonyeza mpaka mashine ikashika ile ya pembeni.

Sauti ya mwanaume ikajaa sebuleni. Mama Mapasa akaruka kidogo. Hakuwa amemsikia mume wake tangu amzike.

"Kyungu!" baba aliita kutoka nyuma ya kamera. "Kyungu, angalia papa!"

Watoto wote wawili wakageuka, wakaitika pamoja: "Papa!" Baba akacheka tu, hakumsahihisha yeyote.

Tulirudisha nyuma. Kyungu. Wote wawili wakageuka. Tukarudisha tena. Mara ya tatu Kyungu alianza kucheka na machozi yakimtoka, akamshika mama yake bega.

"Acha, mama. Hata yeye papa hakutujua nani ni nani."

Nikahamisha yote kwenye diski, kisha nikaifunga, yaani nikaiamuru mashine imalize kazi yake ili diski isomeke kwingine. Wengi husahau hatua hiyo.

Nimestaafu sasa. Vijana mnaniuliza siri ya kazi hii, na mimi sina. Vunjeni kijino kwanza, halafu msiogope kuonekana hamjui. Juzi nilikutana na Mama Mapasa sokoni, nikamuuliza kama ameshaamua Kyungu ni yupi.

"Siku ingine naona ni wa rouge, siku ingine wa vert," alinijibu, akichagua nyanya. "Kila asubuhi naangalia ile diski. Bote bawili ni batoto bangu."