Tangi la Maji la Bwana Stesheni

Kila Jumamosi asubuhi, sebule ya Bwana Stesheni iligeuka karakana. Makochi yalisukumwa ukutani, zulia likakunjwa, na ule ubao wa mita tatu uliolazwa juu ya meza mbili ukavuliwa shuka lake. Chini ya shuka ilikuwepo stesheni nzima: jukwaa, ghala la mizigo, kibanda cha ishara chenye ngazi kumi na moja, reli kuu na reli ya kando. Reli zilikuwa njiti za miavuli iliyokwisha kazi. Mataruma yake, yale magogo yanayobeba reli, yalikuwa vijiti vya kiberiti, elfu na ushee, kila kimoja kimechovywa kwenye oili chafu ili kifanane na mti uliopigwa na jua. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki, na injini ilikwenda kwa mota aliyoing'oa kwenye redio ya kaseti.

"Zamani nilikuwa na mume," mkewe alizoea kuwaambia majirani. "Siku hizi nina treni."

Majirani walicheka, na yeye Bwana Stesheni alicheka nao, maana hata jina hilo walimpa wao. Alikuwa mtoa ishara kwa miaka ishirini na saba. Stesheni aliyoifanyia kazi ilifungwa, ikabomolewa, na mahali pake pakawa uwanja wa kuegesha malori. Kilichobaki ni daftari moja lenye jalada la bluu. Katika saa za ukimya kati ya treni na treni, alikuwa akishuka kibandani na kuupima uwanja wote kwa hatua zake, kisha anaandika. Kutoka kibandani hadi ghalani, hatua arobaini na moja. Kutoka ghalani hadi mwanzo wa jukwaa, kumi na sita. Hakuwa ametumwa na mtu. Alipenda tu vitu vijulikane vilipo.

Alipostaafu alijiwekea sheria moja: hatua moja ya uwanjani ni upana wa kidole kimoja ubaoni. Kila mgeni aliyeingia alielezwa sheria hiyo kabla hajakaribishwa kiti.

Basi wikendi moja ilikuwa ya paa la ghala, ambalo alilikunja kwa bati la kopo la maziwa, mkunjo mmoja mmoja, akitumia penseli na subira. Wikendi mbili zilikuwa za miti, ambayo aliichonga kutoka kwenye sifongo ya kuoshea vyombo. Siku moja mkewe alivutwa na kazi, akachukua mti mmoja na kuupandikiza kando ya jukwaa. Bwana Stesheni aliutazama, akachukua kisu, akaung'oa.

"Huu ulikuwa nyuma zaidi. Nusu kidole."

"Mti ni mti, baba watoto."

"Hapana. Ukidanganya kwenye mti, hakuna atakayekuamini kwenye reli."

Mkewe alinawa gundi mikononi na hakugusa tena ubao ule. Lakini alikuwa na swali moja ambalo hakuacha kuliuliza, wiki baada ya wiki, akipita na kapu la nguo au sufuria.

"Na tangi la maji?"

"Wiki ijayo."

"Hiyo wiki ijayo sasa inaingia mwaka wa nne."

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu tangi hilo lilimgharimu ndugu yake wa tumbo moja. Kaka yake alikuwa mfunga mabehewa katika stesheni ileile, na kwa kuwa hakuonekana bila kitambaa chekundu mkononi, wote walimwita Bendera. Mchana mmoja, miaka kumi na minane iliyopita, mabehewa sita ya saruji yalikuwa yakisukumwa kuingia reli ya kando. La mwisho lilikuwa bado limekanyaga panda ya reli, pale reli ya kando inapoachana na reli kuu. Bendera alisimama mahali pake pa kila siku, akainua kitambaa chekundu kumwambia mtoa ishara asubiri. Mtoa ishara hakusubiri. Alivuta mkono wa chuma, reli ikahama chini ya magurudumu, na mabehewa matatu yakalala ubavu. Hakufa mtu. Lakini mfupa wa mguu wa Bendera ulivunjika mara mbili, na palihitajika mtu wa kubeba lawama.

Mbele ya wakubwa, Bwana Stesheni alisema maneno machache. Alisema kwamba tangi la maji lilisimama kati ya dirisha lake na Bendera. Alisema hakuona kitambaa. Kanuni ilitaka mwenye bendera asimame mahali anapoonekana. Kwa hiyo kosa likawa la mwenye bendera. Bendera alifukuzwa kazi akiwa bado na plasta mguuni. Alisema neno moja tu kwa shemeji yake: "Uliniona." Kisha akaacha kukanyaga nyumba yao. Hakuja kwenye harusi ya mpwa wake. Mama yao alipofariki, kaka na dada walikaa kwenye mabenchi mawili tofauti, na dada, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu, alikaa upande wa mumewe na kuyaamini maneno ya mumewe.

Na sasa, Ijumaa moja, alimwambia mumewe: "Kaka atakuja Jumapili."

Bwana Stesheni aliweka kikombe chini. "Kuja wapi?"

"Hapa. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto limekwisha kufunga. Nimemwambia umeijenga stesheni kwa vipimo, hujakisia kitu. Nikamwambia, njoo uone mwenyewe kama tangi lilikuziba au halikukuziba, tuzeeke kwa amani. Amekubali. Sasa tafadhali, weka tangi."

Jumamosi hiyo kazi ilikuwa tangi. Alichagua kopo refu la dawa ya mbu, akalikata, akalipaka rangi ya fedha, akalijengea msingi wa matofali ya kadibodi. Akafungua daftari. Kutoka kibandani hadi tangini: hatua ishirini na tatu. Mwandiko ulikuwa wake, wala haukutetemeka. Akapima vidole ishirini na vitatu, akalisimamisha. Kisha akachonga kijiti, akakichovya ncha kwenye rangi ya kucha ya mkewe, akakisimika kando ya panda ya reli. Huyo alikuwa Bendera.

Akakata kipande cha kioo cha kujitazamia, akakiegemeza nyuma ya dirisha la kibanda ili kimwonyeshe yaliyoonekana kutoka dirishani, akapiga magoti na kuchungulia.

Ncha nyekundu ilionekana yote. Ilikuwa kushoto kwa tangi, peupe, kama tone la damu kwenye shati.

Alibaki amepiga magoti mpaka yakamuuma. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amelisimulia tangi lile mara nyingi mno, hata akawa analiona kweli limesimama pale, pana, limeziba kila kitu. Sasa alikumbuka na kitu kingine: kwamba mchana ule alikuwa ameinamia daftari hili hili la bluu, akiandika hatua alizozipima asubuhi, na alivuta mkono wa chuma bila kuinua kichwa.

Huenda nilikosea kuhesabu, alijiambia. Mtu akiwa na haraka hatua hurefuka. Akalisogeza tangi kidole kimoja kuelekea kibandani, akachungulia. Kidole cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne, tangi lilimmeza Bendera kabisa.

Vidole vinne ni nini kwenye ubao wa mita tatu? Akapaka gundi.

Jumapili saa kumi alasiri Bendera aliingia akiburuta mguu mmoja, fimbo mkononi, miwani myeusi usoni. Alikuwa amekonda, lakini mdomo wake ulikuwa uleule.

"Shemeji," alisema akiwa mlangoni, "naambiwa ulistaafu ukahamisha stesheni nyumbani. Hukuogopa kukamatwa na mali ya serikali?"

"Karibu, shemeji. Karibu sana." Bwana Stesheni alimshika mkono akamwongoza ubaoni. Sauti yake ilikuwa juu kuliko kawaida. "Hapa hakuna cha kukisia. Hatua moja, kidole kimoja. Kila kitu kutoka kwenye daftari."

"Hatua moja, kidole kimoja," Bendera alirudia. "Vizuri. Maana mimi hapa naona ukungu tu, na wewe ni ukungu mnene. Itabidi niangalie kwa mikono."

Vidole vyake vilitembea juu ya paa la ghala, vikapapasa mikunjo, vikashuka jukwaani. Alitabasamu alipogusa saa ndogo ya jukwaa. Mkewe Bwana Stesheni alisimama mlangoni mwa jiko na sinia ya chai, hakutaka kusogea asije akaharibu.

"Ngazi kumi na moja," alisema Bendera alipofika kibandani. "Hizi nazijua. Miaka sita nilikupandishia ndoo ya maji ya chai kila asubuhi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Kutoka tangini hadi hapa. Mzigo ukiwa mzito mtu huhesabu, njia ipungue." Akaweka kidole chini ya ngazi, akaanza kukipanga kimoja baada ya kingine kuelekea tangini, akihesabu kwa sauti ya chini. Kumi. Kumi na tano. Kumi na tisa. Kucha yake ikagonga bati.

Akarudi kwenye ngazi, akahesabu upya, taratibu zaidi. Kucha ikagonga bati palepale.

"Kwenye hatua ya ishirini palikuwa na jiwe," alisema. "Kila siku nilitua ndoo juu yake, nikabadilisha mkono. Baada ya jiwe, hatua tatu tu, tangi. Jiwe liko wapi, shemeji?"

Bwana Stesheni aliweka kiganja juu ya daftari la bluu.

"Umelisogeza," Bendera alisema bila kupandisha sauti. "Nikwambie jambo? Nilikuja hapa kuomba radhi. Miaka kumi na minane ni mingi, mtu huanza kujishuku. Nikajiambia, labda kweli nilisimama vibaya; labda nimemnyima dada yangu kaka yake bure. Nilikuwa na maneno yangu tayari." Akaipapasa fimbo yake. "Sasa narudi nayo nyumbani. Angalau miguu yangu ilisimama pazuri."

"Kaka, chai," alisema dada yake.

"Siku nyingine, mdogo wangu. Njoo wewe kwangu."

Alipotoka, mke aliweka sinia chini. Hakumtazama mumewe. Alichukua daftari la bluu, akalifungua palipokuwa na alama, akasoma. Akalishika tangi, akalizungusha mpaka likang'oka na kuondoka na kipande cha rangi ya ubao. Akapima vidole ishirini na vitatu vya mkono wake mwembamba, akakunja uso, akamshika mumewe mkono kama anayeshika rula na kupima tena kwa vidole vya mumewe. Akalisimamisha. Akapiga magoti mbele ya kioo.

"Anaonekana," alisema.

Jumamosi iliyofuata Bwana Stesheni alivua shuka kama kawaida. Kazi ya wikendi hiyo ilikuwa ndogo kuliko zote. Aliokota kokoto uani, akaiosha, akapima vidole ishirini, akaigandisha mahali pake. Havikupungua wala havikuzidi.

Mkewe alikuwa mlangoni, amejifunga kitambaa cha kutokea, chupa ya chai mkononi.

"Mwambie kaka yako jiwe nimeliweka," alisema Bwana Stesheni.

Mkewe alikaza kifuniko cha chupa, akaigeuza kuhakikisha haivuji.

"Mwambie mwenyewe," alijibu. "Kutoka hapa hadi kwake ni hatua mia sita na kumi. Wiki hii nimezihesabu."

Mlango ulifungwa. Bwana Stesheni alibaki amesimama kando ya ubao, gundi ikimkaukia vidoleni.